Mficha Maradhi Sawa, na Asiyeficha Je?

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sawa, hatubishi. Ila leo nina swali dogo kwa wahenga, na kwa madaktari wetu pia: na yule asiyeficha je? Yule mama aliyefika hospitali kwa miguu yake mwenyewe, akasema kifua kinabana, akasema pumzi haitoshi, akasema jasho linamtoka wakati feni inazunguka juu ya kichwa chake, kisha akaandikiwa dawa ya vidonda vya tumbo na kuambiwa apunguze mawazo? Huyo akifa kesho yake, nani kaumbuka?

Ndugu zangu, tuongee kuhusu moyo. Sio ule wa kwenye taarab unaochomwa na kuunguzwa kila Ijumaa usiku. Naongelea lile pande la nyama lenye ukubwa wa ngumi linalosukuma damu bila kuomba likizo. Nalo lina mishipa yake ya kulilisha. Mishipa hiyo ikijaa mafuta ikaziba, sehemu ya nyama ile inakosa damu na kuanza kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo, na kila dakika inayopita kabla mshipa haujazibuliwa ni nyama inayokufa na haifufuki tena.

Sasa fanya jaribio. Panda daladala, mwambie abiria wa pembeni yako akueleze mtu anayepata mshtuko wa moyo anafananaje. Atakwambia mzee wa kiume, kitambi mbele, kashika kifua upande wa kushoto. Atakuwa bosi wa mahali fulani, mpenda nyama choma. Hakuna atakayekutajia mama muuza vitenge. Hakuna atakayekutajia mwalimu wa kike wa miaka 45. Wakati huo huo, jopo la wataalamu lililoandaa ripoti kuhusu wanawake na magonjwa ya moyo katika jarida la Lancet mwaka 2021 lilitupa hesabu hii: magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yalichukua asilimia 35 ya vifo vyote vya wanawake duniani mwaka 2019. Zaidi ya theluthi moja! Na bado tunauita ugonjwa wa wanaume.

Ingekuwa picha hiyo inaishia kwenye daladala nisingepoteza muda wenu. Tatizo ni kwamba picha hiyo inavaa koti jeupe na kuingia wodini.

Mtaniuliza, una ushahidi gani? Ninao. Mwingi unatoka Marekani na Uingereza, kwa sababu wenzetu wana tabia moja nzuri ambayo ningependa tuiibe: wanahesabu maiti zao, halafu wanajiuliza kwa nini.

Twende mwaka 1991. Jarida la tiba la New England lilichapisha tafiti mbili kwa pamoja. Ya kwanza iliangalia rekodi za hospitali katika majimbo ya Massachusetts na Maryland, ikakuta wanawake waliolazwa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo walikuwa na nafasi ndogo kuliko wanaume ya kufanyiwa kipimo cha kupenyeza mrija na kupiga picha mishipa hiyo, na nafasi ndogo pia ya kuzibuliwa. Ya pili iliangalia watu waliokwisha kupata mshtuko na kuuliza walihudumiwaje kabla yake. Wanawake walikuwa wamesumbuliwa na maumivu ya kifua kama wanaume, pengine kuwazidi, lakini wanaume ndio waliokuwa wamepelekwa kwenye kipimo kile karibu mara mbili zaidi.

Mama mmoja aitwaye Bernadine Healy, daktari wa moyo, ambaye mwaka huo huo alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, aliandika tahariri ya kuzisindikiza tafiti hizo. Akalipa tatizo jina: ugonjwa wa Yentl. Yentl ni binti wa Kiyahudi katika hadithi ya Isaac Bashevis Singer, aliyelazimika kuvaa nguo za kiume ili aruhusiwe kusoma vitabu vya dini. Healy alikuwa anasema hivi: mwanamke anatibiwa kama mwanaume pale tu anapothibitisha kwamba yeye ni kama mwanaume. Yaani mpaka moyo wake uharibike waziwazi, kwa namna ambayo vitabu vimeandika kuhusu wanaume, ndipo naye anaonekana mgonjwa.

Na vitabu hivyo viliandikwaje? Chukua aspirini, kidonge cha bei ya pipi. Mwaka 1989 ulitoka utafiti mkubwa ulioonyesha kwamba aspirini inapunguza mshtuko wa kwanza wa moyo kwa asilimia 44. Dunia ikashangilia. Washiriki walikuwa madaktari 22,071. Wanawake wangapi kati yao? Sifuri. Hakuna hata mmoja. Ilibidi tusubiri mpaka mwaka 2005 kupata majibu ya utafiti wa aina hiyo kwa wanawake karibu 40,000, na majibu yakawa tofauti: kwa ujumla aspirini haikupunguza mshtuko wa kwanza wa moyo kwa wanawake hao, ila ilipunguza kiharusi kwa asilimia 17. Miaka 16 baadaye! (Msije mkaninukuu vibaya. Tafiti hizo zilihusu watu wazima wasio na ugonjwa wa moyo. Mtu aliyekwisha kupata mshtuko ana sababu nyingine kabisa za kupewa aspirini, na asiiache bila kuongea na daktari wake.)

Basi, watu waliosomeshwa kwa vitabu hivyo walipokutana na wagonjwa, matokeo yakawa nini? Mwaka 1999 jarida lile lile lilichapisha hesabu za wagonjwa 384,878 wa mshtuko wa moyo nchini Marekani. Waliofia hospitalini walikuwa asilimia 16.7 ya wanawake na asilimia 11.5 ya wanaume.

Hapa ndipo huwa anasimama bwana mmoja, kila mjadala lazima awepo, na kusema: "Lakini dada, wanawake wanaugua moyo wakiwa wazee zaidi, wana kisukari na presha, mishipa yao ni myembamba. Hayo ni maumbile, sio ubaguzi."

Nimjibu kwa heshima, maana hoja yake si ya kijinga. Ni kweli. Utafiti wa nchi 52 uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba wanawake hupata mshtuko wa kwanza kama miaka 9 baada ya wanaume. Ni kweli mishipa yao ni midogo, na ni kweli kwa wengine tatizo liko kwenye vijishipa vidogo mno ambavyo picha ya kawaida haivionyeshi. Lakini rudi kwenye ile hesabu ya 1999 uisome mpaka chini. Kama tatizo ni uzee, pengo lingekuwa kubwa kwa bibi zetu. Wapi! Kwa wagonjwa waliovuka miaka 74 pengo halikuwepo. Lilikuwa kubwa kuliko kote kwa wenye umri chini ya miaka 50, ambako wanawake walikufa zaidi ya mara mbili ya wanaume. Vijana! Na watafiti walipoweka kwenye mizani historia ya magonjwa, ukali wa hali na hata matibabu ya mwanzo, vyote hivyo kwa pamoja vilieleza kama theluthi moja tu ya pengo. Kwa hiyo, bwana, uzee utafutie kazi nyingine.

Akishindwa hapo anahamia ngome ya pili: "Wanawake wana dalili za ajabu. Hawaumwi kifua kama sisi." Hii nayo naijua vizuri, kwa sababu sisi waandishi wa habari ndio tumeisambaza. Kila mwaka siku ya moyo ikifika tunaandika makala zile zile: mwanamke husikia kichefuchefu, mwanamke husikia uchovu, taya linamuuma, mgongo unamuuma. Ni kweli hayo hutokea, na ni vema yajulikane. Lakini tumeyaandika mpaka msomaji anaamini kwamba mwanamke haumwi kifua kabisa.

Mwaka 2018 zilichapishwa takwimu za wagonjwa 2,985 wenye umri wa miaka 18 hadi 55, waliolazwa Marekani kwa mshtuko wa moyo. Waliosema kifua kiliwauma au kiliwabana: wanawake asilimia 87.0, wanaume asilimia 89.5. Umeona tofauti? Ni kama hakuna. Wanawake walisema "kifua" kwa sauti ile ile. Kisha kati ya wale waliokuwa wamekwenda kutafuta huduma kwa dalili zao kabla ya kulazwa, wanawake asilimia 53 walisema mhudumu hakudhani ni moyo. Wanaume ni asilimia 37.

Soma tena hizo namba polepole. Dalili ni karibu sawa, majibu ni tofauti. Aliyekuwa na ajabu hapo si mgonjwa.

Nchini Uingereza shirika la British Heart Foundation lilitoa makadirio mwaka 2019 kwamba ndani ya miaka 10 wanawake zaidi ya 8,200 wa England na Wales walipoteza maisha ambayo yangeweza kuokolewa, kama wangepata huduma ya mshtuko wa moyo sawa na waliyopata wanaume. Hapo ni huduma ya serikali, isiyodai hela mlangoni. Umaskini hautoshi kueleza hilo.

Kwenye upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo habari ni ile ile. Hesabu ya upasuaji karibu 1,300,000 uliofanyika Marekani kati ya 2011 na 2020 ilikuta vifo vya asilimia 2.8 kwa wanawake na 1.7 kwa wanaume, na katika miaka yote hiyo 10 hali ya wanawake haikupata nafuu ya maana. Miaka 10 ya mashine mpya na mikutano ya hotelini, na sindano ya saa haikusogea.

Wengine watasema dawa ni elimu na vipimo bora. Mimi nami nilipenda iwe hivyo, mpaka niliposoma kilichotokea Uskochi. Kuna protini iitwayo troponini, inayovuja kwenye damu pale nyama ya moyo inapoumia. Hospitali huipima, na ikivuka kiwango fulani mgonjwa anahesabiwa ameumia moyo. Kwa miaka mingi kiwango kilikuwa kimoja kwa wote, wakati mwanamke mzima kwa kawaida ana troponini kidogo kuliko mwanaume. Ni sawa na kumwambia mtoto wa darasa la pili kwamba hana homa mpaka awe mrefu kama mlango. Watafiti wa Edinburgh wakajaribu kipimo chenye makali zaidi na viwango viwili: 34 kwa wanaume, 16 kwa wanawake. Mwaka 2015 wakatangaza kwamba kwa utaratibu huo idadi ya wanawake waliotambulika kuwa na mshtuko iliongezeka maradufu, kutoka asilimia 11 hadi 22. Kwa wanaume ilitoka 19 hadi 21 tu. Nusu ya wanawake wagonjwa walikuwa wanapita katikati ya vidole!

Safi, si ndio? Tumepata kipimo, tumemaliza. Subiri. Mwaka 2019 zikaja hesabu za wagonjwa zaidi ya 48,000 waliopimwa kwa viwango hivyo huko Uskochi. Wanawake waliotambuliwa waliongezeka kweli. Na pamoja na majibu ya maabara kuwa mezani, matibabu waliyopata yalikuwa kama nusu ya yale ya wanaume, na hatima yao haikuwa bora. Karatasi inasema "moyo umeumia", na bado mtu anasoma karatasi hiyo na kuangalia aliyelala kitandani kabla ya kuamua kama ataiamini.

Kwa hiyo nasema hivi, na ndio hoja yangu leo: msituletee semina. Msituletee bango lenye moyo mwekundu na tabasamu. Tuleteeni sheria za kazi ambazo hazimuulizi mhudumu ana maoni gani kuhusu mama aliye mbele yake.

Na hilo linawezekana. Hospitali ya Cleveland Clinic, jimboni Ohio, ilianza mwaka 2014 utaratibu wa hatua nne kwa mshtuko mkubwa wa moyo. Daktari wa mapokezi ya dharura anaita timu ya kuzibua mishipa yeye mwenyewe bila kuomba ruhusa. Kuna orodha ya mambo ya kutiki moja baada ya jingine, dawa zikiwemo. Mgonjwa anapelekwa moja kwa moja chumba cha kuzibulia. Mrija unaanzia kwenye mshipa wa mkono badala ya paja, kwani damu huvuja kidogo. Ni kwa wote, bila kuuliza jinsia. Matokeo kwa wagonjwa 1,272 yalichapishwa mwaka 2018. Kabla ya utaratibu, wanawake walisubiri muda mrefu kuliko wanaume na kupata pungufu ya dawa zinazostahili. Baada yake, mapengo hayo mawili yalifutika. Vifo ndani ya siku 30, ambavyo kwa wanawake vilikuwa juu kwa alama 6.1 za asilimia, vikabaki juu kwa 3.2.

Hiyo 3.2 iliyobaki tuwaachie wanasayansi waichunguze, huenda ndiyo ya mishipa myembamba na mengineyo. Lakini ile iliyoondoka ilikuwa ya nini? Maumbile hayabadiliki kwa karatasi ya kutiki. Kilichobadilika ni mwenendo wa watu.

Sasa tuje nyumbani, maana nasikia mtu anasema hayo ni ya wazungu, sisi tuna malaria. Tena mjanja zaidi atanitupia utafiti mkubwa wa nchi 27 uliotoka kwenye Lancet mwaka 2020, uliokuta kwamba pengo la matibabu kati ya nchi tajiri na maskini ni kubwa kuliko pengo kati ya wanawake na wanaume, na kwamba kwa jumla wanawake walikufa kidogo kuliko wanaume. Nakubali, utafiti huo upo na ni mzuri. Lakini hata huo ulikuta wanawake wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo hawapewi dawa za kuzuia mshtuko mwingine kwa kiwango cha wanaume. Na mwanamke wa nchi maskini anaishi kwenye mapengo yote mawili kwa mpigo. Kumwambia lako dogo kuliko la jirani si tiba.

Ugonjwa wenyewe upo hapa hapa. Watafiti waliofanya kazi katika chumba cha dharura cha hospitali huko Moshi walichukua wagonjwa 681 waliofika wakilalamika kifua au pumzi, wakawapima wote. Majibu yalichapishwa mwaka 2020: 152 walikuwa na mshtuko wa moyo. Zaidi ya mmoja katika kila watano! Na hitimisho lao lilikuwa kwamba ugonjwa ni wa kawaida na hautambuliwi. Dar es Salaam tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tangu mwaka 2015, wanazibua mishipa. Lakini mtu hafiki kwenye chumba cha kuzibuliwa kama mlango wa kwanza umemwandikia dawa ya gesi. Na kwenye mlango huo mwanamke wa Kiswahili ana majina mengi ya kubandikwa: vidonda, gesi, presha ya kupanda na kushuka, mawazo ya ndoa, mara kapandisha. Mwanaume akishika kifua watu wanatafuta gari. Mwanamke akishika kifua wanamtafutia kiti, na maji ya kunywa.

Naomba basi nitoe hoja zangu, wizara isikie na wenye hospitali binafsi wasikie.

Moja. Kila mtu mzima anayefika akisema kifua, apimwe umeme wa moyo ndani ya dakika 10. Hiki ndicho kiwango ambacho miongozo ya madaktari wa moyo imekiweka. Kipimo hakina uchungu na karatasi yake haina jinsia. Kikifanyika, muda uandikwe.

Mbili. Kila hospitali inayotibu moyo itoe kila mwaka hesabu zilizotenganishwa: wanawake wangapi, wanaume wangapi, walisubiri dakika ngapi, wangapi walizibuliwa, wangapi walikufa. Kisichohesabiwa hakimuumizi mtu kichwa.

Tatu. Maabara zinazopima troponini zitumie viwango viwili pale kipimo kinaporuhusu, na jibu likitoka lifuatwe na hatua zilizoandikwa, sio na busara ya aliyeko zamu.

Nne, ya kwetu sisi wa kalamu. Tuache kuandika "dalili za ajabu za wanawake". Tuandike kwamba mwanamke naye huumwa kifua, na anaposema kifua aaminiwe. Tena tuwe na ujasiri wa kwenda kuwauliza wakuu wa hospitali hizo hesabu za hoja ya pili, mwaka baada ya mwaka, mpaka watuchoke.

Na wewe unayesoma, mwambie mama yako, shangazi, dada, na mkeo kama unaye. Kifua kikibana, au pumzi ikikata ghafla na jasho baridi likatoka, wasianze kwa kuomba radhi kwa usumbufu. Waseme pale mapokezi, kwa sauti: "Nahofia ni moyo, naomba nipimwe umeme wa moyo." Wakijibiwa ni mawazo, waseme sawa, nipimeni kwanza halafu tutayajadili hayo mawazo.

Wahenga walimaliza kazi yao kwa yule anayeficha. Huyu anayesema wametuachia sisi.

Naomba kuwasilisha.